Hela haibadilishi mtungi wa gesi: uzi wa wenye wazee wanaoishi peke yao kijijini

Kihamba77

Wakuu, habari za wikiendi.

Huu uzi nimeuahirisha tangu masika kwa sababu ya aibu. Leo nauandika tu, huenda kuna mwenye mzazi kijijini anayejiona amemaliza kazi akishatuma muamala. Mimi nilikuwa huyo.

Mama yangu ana miaka 78, yuko Kibosho, Kilimanjaro, kihambani (shamba letu la ukoo). Mzee alishatangulia. Watoto tuko wanne, wawili Dar, mmoja Mwanza, mmoja Mbeya. Hadithi ya Wachaga wengi: Desemba nyumba haina pa kukanyaga, ikifika tarehe tano Januari anabaki yeye, kuku, na ng'ombe mmoja anaitwa Sadaka.

Kila tarehe mbili naingiza 150,000. Dada anaongeza. Mchele, unga na sukari tunaagiza kwa mangi wa duka la barabarani, umeme nanunua mwenyewe kwa simu. Kwa hesabu zetu mama hakuwa na shida yoyote.

Mwezi wa nne nikapata safari ya kikazi Arusha, nikasema nipite bila kumtaarifu. Nimefika saa saba mchana, mvua inanyesha, mlango wa jikoni umefungwa. Namkuta amekaa kitandani na sweta mbili. Pembeni kuna sahani ya maganda ya ndizi mbivu na kikombe cha mgando. "Umekula mama?" "Nimekula, baba." Naingia jikoni, jiko la baridi, sufuria kavu imefunikwa vizuri, mfuko wa mchele kilo tano haujafunguliwa. Gesi iliisha Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Na mtungi wa akiba ulikuwepo! Umejaa, uko stoo. Tulimnunulia miwili ya kilo 15 tukajipongeza, kwamba mmoja ukiisha anahamia wa pili. Hakuna aliyeuliza nani ataubeba. Mtungi ule ukijaa unakaribia kilo 30 pamoja na chuma chake, na regulata inataka kiganja chenye nguvu. Vidole vya mama vimepindishwa na baridi yabisi. Kuni zilikuwa zimelowa. Kwenye simu yake nilikuta salio la 180,000.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nikuite kutoka Dar uje kunifungulia mtungi?" Majirani je? "Nitawasumbua mara ngapi? Wiki iliyopita walishanisaidia balbu."

Wakuu, simu nilikuwa napiga kila Jumapili. Kila Jumapili jibu ni lile lile, "niko mzima, namshukuru Mungu." Sasa hivi sisikilizi tena hilo jibu. Nauliza umepika nini, na umepikia nini.

Nilikaa siku tatu badala ya moja. Nikachukua daftari, nikawa namfuata kama mkaguzi, naandika kila kinachotaka nguvu au macho ya mtu mwingine kwa siku nzima. Yapo mambo niliyoyategemea: majani ya Sadaka, maji (bomba liko uani lakini linatoka usiku), kwenda kuchukua dawa. Yapo ambayo yasingenijia kichwani. LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, kwa mfano. Mimi naituma tokeni najiona mtoto mwema, kumbe zile tarakimu 20 hazioni kwenye kisimu chake, na mita imewekwa juu ukutani kama imefichwa. Akikosea moja, "zimekataa." Kuna usiku amelala giza na umeme niliununua mimi.

Lingine ni kucha za miguu. Hawezi kuinama hadi huko. Zilikuwa zimejikunja zinamchoma, ndiyo maana alikuwa anakwenda kanisani na kandambili nasi tunamnunulia viatu kila Krismasi. Nilimlowekea miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nikamkata. Hakusema kitu muda wote ule. Alikuwa anaangalia dirishani.

Naweka kituo hapa, nakuja na tulivyopanga.

Kipara Ngoto

Mkuu umeandika sana. Mchukue mama mkae naye Dar, uzi ufungwe.

Kihamba77

Nilimchukua, 2021, Tabata. Wiki tano. Nyumba ina geti, funguo anayo dada wa kazi. Mama anaamka saa kumi na moja anafagia uwanja wa pevingi ambao hauna hata jani moja. Mchana kwenye sofa. Wiki ya tatu akaanza kuniuliza kila jioni, kama mtu anayeulizia tu, basi la Moshi siku hizi linaondoka saa ngapi? Presha yake ilipanda huku kuliko kule. Wapo wazee wanaokaa mjini vizuri, sikatai. Wangu aliniambia huku hata mbwa hawamjui.

Sasa mpango wenyewe. Tumempata kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa amemaliza kidato cha nne anasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Anapita asubuhi na jioni: maji, majani, LUKU, mtungi (tumehamia ile ya kilo 6, anaibeba kwa mkono mmoja). Tunamlipa 40,000 kwa mwezi, na tunamlipa sisi moja kwa moja ili mama asiwe bosi wala ombaomba.

Jirani wa karibu, mama wa makamo, nilipomtajia hela alikasirika. "Unataka kunifanya kibarua kwa mama yako?" Nikaomba radhi. Yeye kazi yake ni moja: akipita kwenda kukata majani aangalie mlango wa jikoni. Ukiwa bado umefungwa saa mbili asubuhi, apige hodi. Asipojibiwa, aingie, ufunguo anao, kisha anipigie.

Kilichofanya mpango usimame ni wazo la mama mwenyewe. Alisema hataki watu waje mikono mitupu na waondoke mikono mitupu. Sadaka anatoa maziwa. Kijana anaondoka na nusu lita, jirani anakata mkungu akitaka. "Mimi siombi, tunabadilishana." Tangu hapo akiwa na shida anaita, haoni aibu.

nesi_wa_zamu

Asante kwa uzi. Mimi niko wodini mwaka wa kumi na moja. Mabibi tunaowapokea na nyonga iliyovunjika hawajaanguka kwenye mti. Wengi wameanguka kati ya kitanda na choo, usiku.

Kwa hiyo kabla ya kununua televisheni, tengeneza hiyo njia. Taa iwe mahali mkono unafika akiwa bado amelala. Choo kikiwa nje, awe na ndoo yenye mfuniko chumbani, na mtu wa kuimwaga asubuhi bila kumtania. Kandambili zilizolika zitupwe. Na akiamka asisimame ghafla, akae kwanza ukingoni mwa kitanda ahesabu hata hadi ishirini, kwa sababu presha hushuka mtu akinyanyuka, hasa akiwa anatumia dawa zake.

Dawa zenyewe: kama ana zile za kukojoza maji, azimeze asubuhi. Akizimeza usiku unampeleka chooni mara nne gizani. Za presha ni za kila siku, siyo mpaka kichwa kianze kuuma. Nawaomba sana muangalie na zile diklofenaki wanazonunuliwa kila viungo vikiuma, zinapandisha presha na zinaumiza tumbo na figo. Mimi bibi yangu asiyejua kusoma nilimchorea kopo moja jua, lingine mwezi. Hajakosea.

Kwa walio Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo. Kitambulisho chake kinaanzia ngazi ya kijiji au mtaa, kwa hiyo mwenyekiti na mtendaji wamjue mzazi wako kwa jina kabla hajaumwa. Akishaumwa usiku wa manane siyo muda wa kutafuta barua.

Bin Shehia

Assalaam aleikum. Mie nipo Unguja, mitaa ya Ng'ambo.

Huo mlango wa jikoni wa mama yako, kwetu kazi hiyo inafanywa na baraza. Bi mkubwa wa nyumba ya pili anatoka baada ya alfajiri anakaa barazani na kikombe chake. Jua likipanda hajatoka, mtoto yeyote anaambiwa "hebu kamtazame bibi." Hakuna aliyepanga. Ila nyumba mpya za ukuta mrefu na geti hazina baraza, na humo mtu anaweza kufa ukaambiwa na harufu.

Jambo jingine ni Pensheni Jamii. Serikali ya Mapinduzi ilianza kuitoa Aprili 2016, kwa kila aliyefikisha miaka 70, alifanya kazi ofisini au alikuwa mkulima wa mwani. Ilianza na 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Watu wanacheka kuwa ni ndogo. Bi wetu simwoni akicheka. Zamani akitaka chumvi alikuwa anangoja apite mtu mwenye huruma. Siku hizi anamwita mtoto, anampa ya chumvi na mia mbili ya ubuyu. Watoto wenyewe wanagombania kutumwa.

Mwezi wa Ramadhani wala simwonei wasiwasi, sahani za futari zinakuja zimefunikwa kawa mpaka anagawa. Shawwal ikiingia, sahani zinapungua. Hapo ndipo penye kazi.

mjukuu_wa_shosho

Niko Murang'a, Kenya. Sisi tuko na Inua Jamii, pesa ya serikali, 2,000 kila mwezi kwa waliofika 70, tangu 2018 haiangalii kama uko na watoto matajiri ama huna. Shida ya shosho wangu ilikuwa vidole. Amechuma chai miaka mingi sana, alama zimefutika, mashine ikawa haimsomi. Alirudishwa nyumbani mara mbili na nauli ya boda ishaenda.

Lakini nataka kusema juu ya chama. Shosho alikuwa kwa chama cha akina mama tangu mamangu akiwa shule ya msingi. Alipozeeka akashindwa kuchanga, akasema anatoka. Walikataa. Wakamwambia mchango wako ni nyumba, tutakuwa tunakutania kwako kila wiki ya pili. Sasa hebu fikiria, wageni kumi na wanne wakija kwako kila wiki mbili, lazima mtu afagie, lazima maji yawe, lazima chai ipikwe. Wanakuja asubuhi wanafanya hayo yote wenyewe, halafu wanamkalisha mbele kama mwenyeji. Mabati yakianza kuvuja wao ndio wanaona kwanza, kabla yetu.

Sijui nani alibuni hiyo. Nilitaka kuwapelekea zawadi, wakaniuliza ni ya nini.

Ngosha wa Mjini

Kwetu Usukumani mzee kuishi peke yake ni hatari ya aina nyingine, na nyie wa milimani mshukuru. Bibi anapikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini kwenye kijumba hakina dirisha. Macho yanakuwa mekundu. Ng'ombe wa mtu akifa, au mtoto akiugua, mganga wa ramli anauliza "hakuna bibi mwenye macho mekundu hapo jirani?" Mnajua yanayofuata. Vikongwe wameuawa Shinyanga, Mwanza, Simiyu, Geita, kwa moshi wa jikoni kwao.

Nilichofanya kwa bibi yangu: jiko lenye bomba la kutolea moshi, dirisha, na kumpeleka kupimwa macho. Ilikuwa mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji. Ila cha maana kuliko vyote, nilihakikisha kwake kuna watu wanaingia na kutoka mchana. Mjomba alihamishia mashine ya kusaga karanga pale uani. Mwanamke ambaye mlangoni kwake kuna foleni ya kusaga karanga ni vigumu kumzushia kitu usiku.

Jirani Tu

Ngoja niwape upande wa pili maana humu naona watoto wa wazee peke yao.

Mimi ndiye yule jirani. Siyo wa mtoa mada, ni wa mzee mwingine, Morogoro. Miaka sita nilimhudumia bibi wa nyumba ya nyuma ambaye hakuwa ndugu yangu hata wa kuchonga. Ilianza na "dada, hebu niangalizie mama mara moja moja." Mara moja moja ikawa kila siku. Uji asubuhi natoa kwangu. Akiumwa, bodaboda nalipa mimi, narudishiwa baada ya kukumbusha mara tatu mpaka naona aibu mwenyewe. Nilikuwa siwezi kusafiri kwenda kwetu kwenye msiba bila kutafuta mtu wa kunishikia zamu, kwa mzee asiye wangu. Mtoto wake mmoja alikuwa hapokei simu yangu, anadhani nataka hela. Kweli mara nyingine nilitaka hela, tena yake ya dawa.

Alipofariki walifika siku hiyo hiyo. Magari matano. Turubai, viti vya kukodi, sare za kitenge za familia, jeneza la vioo, mpiga picha. Chakula cha siku mbili zile kingemlisha bibi mwaka mzima, na sisemi kwa uchungu, nilipima mchele kwa mikono yangu mwenyewe maana jikoni nilikuwa mimi. Kwenye kusoma wasifu walishukuru madaktari, wakashukuru viongozi wa dini, wakashukuru "majirani wote." Siku ya tatu wakaniuliza redio ya mama iko wapi.

Redio niliipeleka kwa fundi mwezi mmoja kabla. Nilikwenda kuichukua, nikalipa, nikawakabidhi.

Kwa hiyo mtoa mada, huyo mama aliyekukasirikia ulipotaja hela, usimwache hivyo. Hataki mshahara, sawa. Lakini mpigie siku ambayo huna shida naye. Akifiwa, njoo. Mtoto wake akikosa ada, ijulikane kwako kabla ya kwa wengine. Na mwachie hela ya dharura mkononi, elfu hamsini tu, ambayo hahitaji kuiomba saa nane za usiku.

Kihamba77

Dada, nimesoma mara mbili. Hiyo hela ya dharura sikuwa nimeifikiria kabisa. Nimemtumia sasa hivi na nimempigia, nikajikuta sina la kusema, tukaongelea mvua.

Kipara Ngoto

Jirani Tu umenifunga mdomo. Naondoa komenti yangu ya juu.

Mtu wa Muscat

Mimi niko Oman, mama yuko Tanga. Nyie wa Dar mna basi, mimi nina tiketi ya ndege na ruhusa ya mwajiri. Kinachoninyima usingizi siyo gesi, ni matapeli. Mwaka jana mama alipigiwa, "mwanao amepata ajali huko Uarabuni, tuma hela ya hospitali haraka." Alikwenda kwa wakala anatetemeka akatuma yote. Wakala hakumuuliza kitu. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" alishaizoea anaifuta, lakini ya ajali ilimvunja. Mnawakingaje?

Kihamba77

Kwetu walijaribu hiyo hiyo mwezi wa sita. Tulishakubaliana na mama kwamba yeyote anayetaka hela kwa jina letu aulizwe ng'ombe anaitwa nani. Jamaa akaanza na kilio, "mama, mwanao yuko mahututi." Mama akamuuliza, ng'ombe wetu anaitwa nani? Jamaa akanyamaza, akasema mgonjwa hawezi kuongea. Mama akamwambia, basi mpe kalamu aliandike. Akakata.

Nawe tafuta swali lenu la nyumbani. Ila lisiwe jina la mtoto, hayo wanayapata mtandaoni. Na umjulishe wakala wake, hela ikizidi kiasi fulani akupigie kwanza.

mjukuu_wa_shosho

Nimecheka hadi nimeamsha mtoto. Shosho wetu hana ng'ombe, tutatumia jina la jogoo.

Kihamba77

Mrejesho wakuu, maana wengi mmeuliza.

Yule kijana amechaguliwa kidato cha tano, shule iko Songea. Nimefurahi kwa ajili yake, na usiku ule sikulala, nikawa nahesabu nani atashika LUKU na mtungi. Kesho yake asubuhi nikampigia mama kumwambia asiwe na wasiwasi, natafuta mtu.

Akaniambia nisijisumbue. Ameshampata binti wa upande wa chini, mwenye mtoto mchanga, ambaye kwao wamemnunia kwa sababu ya huyo mtoto. Wameelewana tangu wiki iliyopita. Binti anachota maji na kusoma tarakimu, mama anashika mtoto. Kuhusu zile 40,000, kasema binti apewe 30,000, na 10,000 wanamnunulia mtoto maziwa ya unga siku Sadaka akikauka.

Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Ulikuwa kazini."

Nyuma ya simu mtoto alikuwa analia, na sufuria ilikuwa inachemka. Nikamuuliza anapika nini. Mtori. Kwa gesi au kuni? Akasema nimwache aikoroge, inashika chini.